Tangawizi-Mwitu Nyuma ya Jikoni

Nyuma ya jikoni yangu, hapa Tudor,
pana kipande cha ardhi, upana wa mkeka wa kuswalia,
kati ya ukuta wetu na ukuta wa kina Faraj.
Jua hupita pale saa sita na robo
kwa haraka, kama mgeni aliyekosea mlango.

Mchicha ulikataa. Mrehani ulirefusha shingo,
ukachungulia juu, ukafa ukichungulia.
Nikasema basi, pawe pa kuwekea ndoo.

Ndipo Mbeyu, tunayepima naye chai ghalani Shimanzi,
akanipa kitu ndani ya kitambaa cha gunia:
kidole kimoja, kimekunjamana, kina udongo mwekundu
wa kwao, kando ya msitu, huko nyuma ya Kwale.
"Hiki hakitaki jua. Hulala chini ya miti,
kikisikia mvua huamka. Usikiharakishe."
Nikauliza, kinaliwa? Akacheka.
"Kwani kila kitu sharti kiingie chunguni?"

Nilikiharakisha.
Kaskazi ile ya joto la kuyeyusha sabuni
nilikinywesha asubuhi, nikakinywesha jioni,
maji ya kisima, yale ya chumvi yanayotoboa sufuria.
Nilipofukua kwa kijiko kilikuwa uji.
Harufu ya tangawizi ilikuwepo bado,
harufu ya kunisuta.

Miezi miwili sikumwambia Mbeyu.
Nilipomwambia, alileta cha pili bila neno,
akakaza leso, akachuchumaa,
akachanganya kwa mikono: makumbi ya nazi,
majani ya mkungu yaliyooza mtaroni,
kokoto za tumbawe kidogo. "Kidogo, si kwa hasira."
Na maji? Akaelekeza kwa mdomo, juu,
kwenye kiyoyozi cha jirani kinachodondosha tone, tone,
maji yasiyo chumvi wala bili.
Nikatega mkebe wa samli.

Yalitoka majani manne, mapana, yenye mikunjo
kama barua iliyokaa mfukoni siku nyingi.
Kisha mwezi wa kumi na mbili
yakageuka manjano, yakalala, yakawa si kitu.
"Kimekufa hiki," akasema Athman Kombo, msimamizi wa nyumba,
aliyekuja na futi yake ya kupimia.
Alitaka kumwaga saruji, aweke tangi.
Nikasema hakijafa. Akaangalia chini.
Udongo. Mawe matatu niliyoyapanga. Paka.
"Sasa hapa unalinda nini?"

Ni vigumu kumjibu mtu mwenye futi mkononi.
Nikasema, nalinda mahali.
Akaandika kitu daftarini. Nadhani jina langu.

Januari sikunywesha. Februari sikunywesha.
Mkono ulishika mkebe, ukaurudisha,
ukaushika tena. Maji ya kiyoyozi nikafulia leso.
Usiku nilikuwa naota kijiko.

Mvua ya mwaka iliingia alfajiri moja,
nami nikatoka gizani na mwavuli uliovunjika ubavu,
sikutazama nyuma ya jikoni.
Kutwa bati la ghala lilinguruma,
tukahesabu magunia kwa vidole.
Magharibi Swabra wa ghorofani akanidaka ngazini,
hana hata kandambili:
"Limetoka ua! Halina majani! Limetoka chini kabisa,
kama limeanguka! Zambarau! Mdomoni lina manjano!"

Nilipofika lilikuwa tambara dogo lililolowa.
Maua yake, Mbeyu aliwahi kunambia, hukaa siku moja,
nami siku hiyo niliwauzia wenye ghala.
Nikaliokota. Lilikuwa laini kama kope.
Swabra akanisimulia tena, tangu mwanzo,
akionyesha kwa mikono lilivyofumbuka,
nami nikamwacha, sikumkatiza.

Kando ya jiwe la pili
udongo ulikuwa umeinuka, kiasi cha punje ya mtama.
Kesho nina zamu.
Nimemtuma Swabra kwa Athman Kombo:
aje na futi yake, apime.